Kwa Nini Mnara Wako Umeanguka na wa Mwenzako Umesimama

Kibanda cha gemu ninachopitia jioni nikitoka kazini kiko Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zinazojulikana kwa namba. Televisheni tatu ni za mpira, na zamu hupangwa kwa kelele. Karibu na mlango ipo kompyuta ya zamani ambayo mwenye kibanda ameiwekea gemu za mafumbo kwa ajili ya wanaosubiri. Hapo ndipo vijana wawili wa kidato cha pili waliponikamata. Walikuwa wamecheza hatua moja ya gemu iitwayo World of Goo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliapa kuwa amejenga mnara ule ule. Wa kwanza ulisimama hadi mwenyewe akavuka. Wa pili uliyumba, ukalala ubavu, ukatumbukia shimoni.

“Shikamoo mwalimu. Gemu hii inaonea,” akasema aliyeangukiwa.

“Haionei. Hujui kujenga,” akadakia mwenzake.

Waliniita kwa sababu nafundisha fizikia, wakitaka niwaamue palepale. Nilichowajibu jioni ile kilikuwa kifupi mno kwa uzito wa swali lao, na kimenikaa moyoni tangu hapo. Ugomvi wao si wa Ngamiani peke yake. Fuatilia maoni ya wachezaji kuhusu gemu yoyote ya mafumbo inayotegemea fizikia, utazikuta sentensi zile mbili kwa lugha zote: huyu anasema gemu ni kazi ya kipaji, yule anasema ni bahati nasibu iliyovishwa nguo za akili. World of Goo ilipotoka Oktoba 2008, wastani wa alama za wahakiki uliokusanywa na tovuti ya Metacritic ulifika 90 kati ya 100 kwa toleo la kompyuta na 94 kwa toleo la Wii, mashine ya gemu ya Nintendo. Alama hizo ni za juu sana, lakini hazimwambii kijana yule kwa nini mnara wake ulilala.

Nitajaribu kufungua fundo hilo hapa. Kwa nini watu wawili wenye akili zao wacheze kitu kimoja, watoke na hukumu zinazopingana, na wote wawe na sehemu ya haki?

Kwanza gemu yenyewe. Walioibuni ni watu wawili, Kyle Gabler na Ron Carmel, walioacha kazi katika kampuni kubwa ya gemu ya Electronic Arts wakaanzisha studio yao, 2D Boy, huko San Francisco. Ofisi hawakuwa nayo. Walikuwa wakihama na kompyuta zao kutoka mgahawa mmoja wa kahawa hadi mwingine. Mbegu ya gemu ilipandwa mapema zaidi. Mwaka 2005 Gabler alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kwenye mradi uliokuwa na sharti gumu: kila gemu itengenezwe na mtu mmoja, ndani ya siku saba. Kimojawapo cha alivyovitengeneza ni Tower of Goo, na kazi yake ilikuwa moja tu, kujenga mnara mrefu kwa vitonge vyeusi vinavyonata.

Vitonge hivyo ndivyo vilivyobaki kuwa moyo wa gemu kubwa. Vina macho, vinatambaa juu ya jengo lako kama siafu, vinapiga kelele ukivishika. Ukikiburuta kitonge karibu na vingine viwili na kukiachia, kinatoa vijiti na kushikana navyo. Tangu hapo kimekuwa fundo la jengo. Mahali fulani juu, au ng'ambo ya korongo, pana bomba linalovuta. Ukilifikia, vitonge ulivyovibakiza vinapanda vyenyewe na kunyonywa, na hatua inahesabiwa kwa idadi ya vilivyofika. Kwa hiyo kila kitonge unachokichomeka ukutani ni kitonge ambacho huenda hakitafika. Ukijenga kwa ukarimu utasimama imara na kukosa idadi. Ukijenga kwa ubahili utakuwa na idadi ya kutosha na mnara unaotetemeka.

Sasa tuje kwenye fumbo.

Sisi tuliokulia pwani tumelelewa na vitendawili. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Yai. Katika mchezo ule jibu ni moja, na anayelijua ni mtegaji. Unaweza kuleta jibu lako lenye mantiki nzuri, yeye akatikisa kichwa tu, kwa kuwa silo alilolificha. Ukishindwa anadai mji, unampa Tanga nzima na Pangani yake, ndipo akufungulie. Mafumbo mengi ya kompyuta yamejengwa kwa mtindo huo: mtunzi ameficha ufunguo, wewe unautafuta, na ukiupata unajua kwa hakika kuwa umeupata.

Gemu ya fizikia haifuati utaratibu huo. Mtunzi anaweka korongo, bomba na vitonge vyako, kisha anajitoa. Anayebaki kuhukumu ni uzito. Jengo lolote litakalosimama ni jibu, hata kama mtunzi mwenyewe hakuwahi kuliota, na jengo zuri la kupendeza likianguka si jibu, hata kama wazo lake lilikuwa sahihi. Mchezaji aliyezoea kutegewa anaumia hapa mara mbili. Anaumia anapokuwa na wazo sahihi na jengo likalala, kwa sababu kwake yeye kujua ni kushinda. Na anaumia hata anaposhinda, akiwa amerundika vitonge ovyo hadi vikafika, kwa sababu hajui kama alilolipata ndilo “lenyewe”. Mchezaji mwenye roho ya fundi anafurahia mambo hayo hayo mawili. Kwake, wazo lisilosimama halijawa wazo bado, na njia ya ovyo iliyofika ni njia.

Mfano ulio wazi zaidi ni gemu nyingine ya miaka ile ile, Crayon Physics Deluxe ya Petri Purho wa Finland, iliyotoka Januari 2009. Humo unachora kwa krayoni, na ulichokichora kinapata uzito na kuanguka: ukichora boksi linakuwa boksi, ukichora daraja linakuwa daraja. Lengo ni kuusukuma mpira mdogo hadi kwenye nyota. Wachezaji wengi waligundua mapema kuwa hatua nyingi zinashindika kwa hila ile ile moja, wakalalamika kuwa fumbo limekufa. Purho hakuifunga hila hiyo. Aliongeza heshima za ziada kwa anayevuka kwa njia nadhifu, kama vile kwa mchoro mmoja tu, na mojawapo ya heshima hizo mchezaji anajitunukia mwenyewe akiona alichokifanya kinastahili. Napenda sana uamuzi huo. Ni kama mtegaji kukabidhi kiti chake kwa anayetegewa. Lakini naelewa pia kwa nini baadhi ya watu waliuchukia, maana kuna anayelipia gemu ili ahukumiwe na mtu mwingine.

Hapo tumeshaelewa nusu ya maoni yanayopingana. Nusu ya pili imo ndani ya kompyuta, na hiyo ndiyo iliyowagombanisha vijana wangu.

Watu husema gemu hizi “zina fizikia ya kweli”. Zina fizikia, ila si ile inayouangusha mnazi. Kompyuta haina mvutano wa dunia, ina hesabu. Katika gemu ya aina hii kila kitonge ni nukta yenye uzito, na kila kijiti kinachounganisha vitonge viwili kinafanya kazi kama springi. Ukivuta springi inarudi, ukiibana inasukuma, na nguvu yake inakua kadiri unavyoivuta. Robert Hooke wa Uingereza aliliandika hilo mwaka 1678, na wanafunzi wangu wanalipima kwa mawe na rula. Kwa hiyo mnara wako kwenye skrini ni rundo la springi zinazovutana, na ndiyo sababu unayumba badala ya kusimama kama nguzo ya zege. Kuyumba huko kumewekwa kwa makusudi. Springi zingeweza kukazwa, lakini mnara usioyumba hauzungumzi na mjenzi. Unasimama kimya, kisha unavunjika bila kukuonya.

Ndani ya springi hizo ndimo ilimo siri ya pembetatu. Mtu aliyewahi kuwatazama mafundi wakifunga mirunda kwenye jengo la ghorofa anaijua bila kuambiwa: mirunda iliyosimama na iliyolala ikifungwa peke yake, jukwaa zima linaweza kulala upande kama kitabu. Fundi anaongeza mrunda mmoja wa mshazari, na jukwaa linatulia. Mraba unaweza kupinda pembe zake bila kijiti chochote kubadilika urefu. Pembetatu haiwezi, ili umbo lake libadilike lazima kijiti kimoja kirefuke au kifupike, na springi inakataa. Kenchi za paa la nyumba yako zina pembetatu kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa, kompyuta inazipigaje hesabu springi hizo? Haiwezi kuutazama muda ukitiririka kama sisi. Inaukata vipande, mara nyingi vipande 60 kwa sekunde. Katika kila kipande inajumlisha nguvu zote zinazokivuta kila kitonge, inabadilisha mwendo wake kidogo, inakisogeza kidogo, kisha inaanza upya. Mfikirie nahodha anayetoka bandarini usiku akitazama dira yake kila baada ya dakika moja: akiona amepotoka kidogo anarekebisha kidogo. Mfikirie sasa anayeitazama kila baada ya saa. Atakuwa amepotoka sana, atakata usukani kwa nguvu, saa inayofuata atajikuta amepotoka upande wa pili zaidi ya mwanzo. Springi kwenye kompyuta inafanya hivyo hivyo. Vipande vya muda vikiwa vikubwa mno, inapitiliza, inarudi kwa nguvu kupita kiasi, inapitiliza tena, na mwishowe jengo linalipuka bila kuguswa na mtu. Mchezaji aliyewahi kuona kitu kikitetemeka peke yake kisha kikaruka hadi nje ya skrini ameona hilo. Lawama yake ni ya haki, na haina uhusiano wowote na uwezo wake wa kujenga.

Watengenezaji wengi hawaandiki hesabu hizi upya. World of Goo ilitumia mkusanyo wa hesabu ulio wazi kwa wote, Open Dynamics Engine. Angry Birds, ambayo nadhani kila mwenye simu Tanga amewahi kuigusa, ilitoka Desemba 2009 ikiwa imejengwa juu ya mkusanyo mwingine wa aina hiyo, Box2D ya Erin Catto, iliyoanzia kwenye somo alilolitoa mwaka 2006 mbele ya watengeneza gemu wenzake. Ndiyo sababu studio ya watu wawili inaweza kuleta dunia inayoangusha vitu kwa namna ya kuaminika.

Kuna jambo dogo zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu nalipenda. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na nafasi zake zina mwisho. Kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi moja kwa desimali, 0.333 na kuendelea, ndivyo kompyuta isivyoweza kuimaliza moja ya kumi. Inaandika kitu kilicho karibu sana nayo. Matokeo yake ni ya kushangaza: ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 kwanza kisha iongeze 0.3, mara nyingi itakupa 0.6000000000000001, ukiianzisha na 0.2 na 0.3 kisha ukaongeza 0.1, itakupa 0.6. Namba zile zile, mpangilio tofauti, jumla tofauti.

Kosa la ukubwa huo ni la nini kwenye mnara? Swali hilo lilijibiwa na mtu aliyekuwa akishughulika na hali ya hewa. Mwaka 1961 Edward Lorenz alitaka kurudia hesabu ya hewa aliyokwisha kuifanya kwenye kompyuta. Akaingiza 0.506 mahali ambapo mashine yenyewe ilikuwa na 0.506127, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hewa ya mara ya pili ilikuwa imeachana kabisa na ya mara ya kwanza. Tofauti ilianza ikiwa ndogo kuliko chochote ambacho angeweza kukipima nje, ikakua hatua kwa hatua hadi ikatawala kila kitu. Mnara uliosimama kwenye ukingo wa kuanguka una tabia hiyo. Mnara mnene, mfupi, wenye tako pana, hauna. Makosa madogo yanafia ndani yake. Kwa hiyo mchezaji wa kawaida hakutani na balaa hili. Anayekutana nalo ni bahili, yule anayejenga kwa vitonge vichache kabisa ili abakize vingi. Gemu yenyewe inamshawishi afanye hivyo, kwa sababu kila hatua ina lengo la pili, gumu, kwa wanaotaka kuonyesha ustadi. Hapo ndipo malalamiko makali zaidi yanapotoka, na yanatoka kwa mabingwa. Anayesoma maoni asiwapuuze akidhani ni watu wasiojua kucheza.

Lakini vijana wangu walicheza kwenye kompyuta moja, kwa programu moja. Kwao kosa la namba halihusiki, maana mashine ile ile inajumlisha kwa mpangilio ule ule. Jibu lao ni jepesi zaidi: hawakujenga mnara mmoja. Mkono wa binadamu hauweki kitonge mahali pale pale mara mbili. Tena mnara unayumba muda wote, kwa hiyo kitonge kilichoachiwa mnara ukiwa umeinamia kushoto si sawa na kilichoachiwa ukiwa umeinamia kulia, hata kama macho yanaona umbo lile lile. Aliyeangukiwa alinakili mchoro wa mwenzake. Wakati wa kuweka kila kitonge hakuunakili.

Na hapa nikajikuta nataka kumtetea. Maana kuna gemu zinazoangusha watu wakarudi wakicheka, na kuna zinazowaangusha wakazima kompyuta. Tofauti haiko kwenye wingi wa maanguko.

Nililielewa hilo Deep Sea, pale wanapopandishia samaki. Kuna mzee fundi wa ngalawa ninayemfahamu, na siku moja nilikuwa na kompyuta yangu ya mkononi, nikamwonyesha gemu. Hajawahi kucheza kitu cha aina hiyo. Nilijenga daraja linalotoka kwenye ukingo kwenda ng'ambo, likasogea vizuri, nikaongeza kitonge, nikaongeza kingine. Mzee akanyoosha kidole, akagusa sehemu ya nyuma kabisa, pale daraja lilipoanzia.

“Hapa pamekwisha, mwanangu. Hili limeanza kuanguka zamani, wewe ndiyo hujaliona.”

Vitonge viwili baadaye daraja likaning'inia, kisha likaenda. Mzee alikuwa amesoma kitu ambacho mimi, na shahada yangu, nilikuwa nakitazama bila kukiona: vijiti vya juu karibu na ukingo vilikuwa vimerefuka, vya chini vimebanwa. Kitonge kinachoongezwa mbele hakileti uzito wake peke yake. Kinaleta uzito mara umbali. Kiweke hatua nne kutoka ukingoni na kitavuta sawa na vitonge viwili vilivyo hatua mbili. Fundi wa ngalawa hahitaji kuambiwa hilo. Mtumbwi wa gogo la mwembe ni mwembamba na ungepinduka na wimbi la kwanza. Matengo yake, ile miti ya pembeni, yanatoka mbali pande zote mbili ili ubao mwepesi, kwa umbali wake tu, uushinde uzito wa upepo kwenye tanga. Maisha yake yote amekuwa akisoma mahali ambapo kitu kitaanza kushindwa.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha maoni yote haya. Mchezaji hachukii kuanguka. Anachukia kuanguka kusikosomeka. Gemu ikimwonyesha kijiti kikirefuka, fundo likilegea, mnara ukiinama polepole kabla ya kwenda, anaanguka akiwa na kitu mkononi, anarudi akijua pa kuongeza mshazari. Gemu ikimficha hayo, au yeye akiwa hajajifunza kuyaona, anguko linakuwa kama kofi gizani. Maneno “gemu inaonea” mara nyingi yana maana hiyo: sikuona. Kinachobaki kuulizwa ni kama hakuona kwa sababu hakutazama, au kwa sababu hakukuwa na cha kuonwa.

World of Goo kwa maoni yangu imefanya vizuri sana upande huo, na ndiyo sababu imedumu. Vijiti vinanyumbuka mbele ya macho, na kwenye hatua nyingi wapo vidudu vyeupe vinavyorukaruka. Ukikibonyeza kimoja, kitendo chako cha mwisho kinarudishwa nyuma. Ni wachache, kwa hiyo hawaondoi uzito wa kosa, wanampa tu mchezaji nafasi ya kulitazama kosa lake mara ya pili. Kuna wanaosema vidudu hivyo vinaharibu ugumu. Sikubaliani nao. Mwanafunzi anayeruhusiwa kufuta mstari mmoja wa hesabu anajifunza zaidi ya yule anayechaniwa daftari.

Lakini upande mmoja gemu ina deni, na malalamiko yake ni ya tangu mwanzo hadi leo. Vitonge visivyotumika vinatambaa juu ya jengo bila kutulia. Unapotaka kukishika kimoja kwa haraka, mnara ukiwa unayumba, unashika kingine, wakati mwingine cha aina tofauti kabisa. Hapo mchezaji alijua la kufanya, aliona pa kuweka, na mkono ukasalitiwa. Hilo halina uhusiano na fumbo wala uzito. Ni malalamiko ya aina ya tatu, na mtu akiyachanganya na yale mawili mengine, hukumu yake yote inakuwa ukungu.

Kuhusu urefu sitasema mengi. Wengi huimaliza gemu hii kwa siku chache, wakasema ni fupi kwa dola 20 zilizotozwa ilipotoka. Ilipotimiza mwaka mmoja, Oktoba 2009, watengenezaji waliruhusu kila mtu alipe anachotaka. Katika wiki ya kwanza walinunua watu zaidi ya 57,000. Zaidi ya 16,000 kati yao walilipa senti moja, na wastani wa wote ukawa dola 2 na senti chache. Anayelipa senti moja na anayelipa dola 20 hawawezi kutumia neno “fupi” kwa maana moja. Binafsi ningechukia gemu hii kama ingekuwa ndefu mara mbili kwa kurudia mambo yale yale.

Mwendelezo wake, World of Goo 2, ulitoka Agosti 2024, baada ya takriban miaka kumi na sita, na ndani yake kuna ute wa majimaji unaotiririka, unaomwagika, unaoweza kugeuzwa kuwa vitonge. Unapendeza kuutazama. Lakini nadhani unaeleza kwa nini baadhi ya waliopenda ya kwanza wamegawanyika. Kijiti kinachorefuka kinasomeka hata na mzee wa Deep Sea. Maji hayakupi kijiti cha kukitazama. Yanasukuma kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja, na ni vigumu kusema ni tone lipi lililokuangusha. Anayependa kustaajabu amepata zaidi. Anayependa kulisoma anguko lake amepungukiwa kidogo, na akisema hivyo simwiti mpinga mabadiliko.

Tangu siku ile ya Deep Sea, mtu akiniambia gemu ya aina hii ni mbaya, namuuliza kwanza: ilianzia kuanguka wapi? Akinionyesha mahali, tunaweza kuzungumza, hata kama hatukubaliani. Wengine wananionyesha mahali na wanakuwa sahihi kabisa.

Wiki iliyopita nilirudi kibandani nikawaomba vijana wale wajenge tena, mmoja nikimsimamia nyuma. Mwenye mnara ulioanguka alianza vizuri, tako pana, pembetatu baada ya pembetatu. Alipofika juu, kitonge kikamponyoka njiani kabla hajakiachia, kikadondoka. Akajaribu tena, kikaponyoka tena. Nikaishika mausi mwenyewe. Kitufe cha kushoto kilikuwa kinaachia chenyewe ukikibonyeza kwa muda. Mwenzake alikuwa amezoea kubonyeza kwa nguvu bila kujua, yeye anabonyeza taratibu.

“Nilisema mimi!” akaruka. Mwenye kibanda akatoa mausi nyingine kwenye droo bila kubisha.

Alijenga upya kwa mausi hiyo. Mnara ukapanda zaidi ya ule wa siku ya kwanza, ukaanza kuinama kulia. Safari hii hakukimbilia kuongeza juu. Alinyamaza, akashuka na macho hadi chini, akaweka kidole kwenye kioo, kwenye mraba mmoja wa upande wa kushoto ambao hakuufunga kwa mshazari.

“Hapa,” akasema, mnara ukiwa bado haujaanguka. “Hapa nimekosa mimi.”